Herufi Moja Kwenye Hati Miliki: Nani Ashike Kalamu ya Kurekebisha?

Hii ni hotuba niliyotoa Jumamosi kwenye kikao chetu cha sauti. Nimeipanga upya kidogo tu kwa sababu wengi mliomba muisome polepole. Kanuni za uzi ni zilezile: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Ukimtaja kwenye majibu nakufuta, hata kama ni yule ninayempigia kura.

Leo ni hati miliki. Si unyakuzi wa ardhi ya umma, hiyo tuliimaliza mwezi jana (hatukuimaliza, sauti ndizo zilitukauka). Leo nataka makosa ya kalamu. Jina lililoandikwa vibaya, nukta iliyokaa mahali si pake, nambari mbili zilizobadilishana viti. Vitu vidogo ambavyo karani anavikosea kwa sekunde tatu na familia inavihangaikia miaka kumi.

Kwa nini ni siasa? Kwa sababu kila msimu wa kampeni kuna jukwaa, kuna rundo la hati, kuna mzee anaitwa mbele anapigwa picha akiwa ameshika yake juu. Halafu inatajwa idadi: tumetoa hati elfu kadhaa. Upande wa pili unasema idadi ni ya uongo. Wale wa kwanza wanaleta idadi kubwa zaidi. Wiki nzima tunabishana kuhusu hesabu, na hakuna anayemuuliza yule mzee kama jina lililo kwenye karatasi ni lake kama lilivyo kwenye kitambulisho. Mimi naona hilo ndilo swali la maana kuliko idadi, kwa sababu hati yenye kosa haiuziki, haikopesheki, na mzee akifariki hairithishiki bila safari za kortini.

Tuanze na jambo moja ambalo wengi hawalijui. Karatasi unayoficha chini ya godoro si rekodi yenyewe. Rekodi ni sajili iliyoko afisi ya ardhi, kwa mashamba mengi ni ile kadi ya kijani, na hati yako ni dondoo tu ya kilichoandikwa pale. Kwa hivyo kuna makosa mawili tofauti kabisa. La kwanza, kadi iko sawa lakini hati ilichapwa vibaya. La pili, kadi yenyewe ina kosa na hati imelinakili kwa uaminifu wote. La kwanza ni rahisi. La pili ndilo linaloleta kesi. Kabla hujamlipa mtu yeyote shilingi, fanya upekuzi rasmi na uombe nakala iliyoidhinishwa ya kadi, ujue uko wapi.

Sasa sheria. Tunayo Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, na vifungu vya kukumbuka ni 79, 80 na 81. Kifungu cha 79 kinampa msajili wa ardhi kalamu. Anaweza kurekebisha mambo ya kawaida ya maandishi na makosa yasiyogusa kwa uzito haki ya mwenye ardhi yeyote. Anaweza kurekebisha wakati wowote ikiwa wote wanaoguswa wamekubali. Na anaweza kurekebisha vipimo ikiwa upimaji mpya umeonyesha ukubwa ulioandikwa si sahihi, lakini kwanza awape ilani ya maandishi wote wenye maslahi. Kifungu cha 80 kinaipa mahakama kalamu kubwa zaidi: kufuta au kubadilisha usajili uliopatikana kwa ulaghai au kwa kosa. Cha 81 ni fidia, tutakifikia.

Kosa la jina ndilo la kila siku. Nina shangazi ambaye kitambulisho chake kinasema Wanjiru na hati inasema Wanjiku. Herufi moja. Lakini nyinyi mnajua kwamba hayo ni majina mawili ya watu wawili, na kijijini kwetu ukiita Wanjiku wanageuka saba. Pwani ni Hamisi na Khamis, Mwanaisha na Mwanaesha. Nyanza ni ile alama ya mkato kwenye Achieng' ambayo mashine moja inaiandika na nyingine inaiacha. Na kuna tatizo la zamani zaidi: sajili za miaka ya sitini ziliandika watu kama walivyojulikana barazani, fulani mwana wa fulani, bila jina la ubatizo, na kitambulisho kikaja baadaye na majina matatu tofauti.

Kwa kosa la namna hiyo, mwenye hati anaandika ombi kwa msajili, anaambatisha kiapo cha wakili au hakimu kinachosema majina yote mawili ni ya mtu mmoja, nakala ya kitambulisho, hati asili, na mara nyingi barua ya chifu. Ikiwa amebadilisha jina kisheria, analeta hati ya kubadilisha jina. Halafu msajili anaandika kwenye sajili. Shangazi alifanya hayo yote. Akaambiwa faili haionekani, arudi Alhamisi. Alirudi Alhamisi nyingi. Sitaitaja afisi ni ipi, si kwa sababu naogopa, ila kwa sababu nyote mnadhani ni ya kaunti yenu na karibu mko sawa.

Kosa la pili ni la nukta. Ukubwa kwenye hati zetu huandikwa kwa hekta, na sisi tunaongea ekari. Ekari moja ni kama hekta 0.405. Watu wengi wanaona 0.405 wanadhani wameibiwa nusu ya shamba, kumbe wako sawa kabisa. Lakini chukua ploti ya futi 50 kwa 100, ambayo ni takriban hekta 0.045. Karani akiruka sifuri moja inakuwa 0.45, yaani zaidi ya ekari nzima. Mwenye ploti anafurahi, anatafuta mnunuzi, mnunuzi analipa bei ya ekari. Sasa hapo kosa la kalamu limekuwa pesa ya mtu.

Na hapa lazima niseme kitu ambacho hakipendezi. Chini ya kifungu cha 18, isipokuwa mipaka yako imewekwa rasmi kuwa mipaka maalum, ramani ya usajili inaonyesha mipaka kwa makadirio tu. Kwenye hati nyingi utasoma neno hilo hilo: ukubwa wa makadirio. Kwa hivyo kununua shamba kwa kusoma karatasi bila saveya kukanyaga ardhi ni kama kununua ng'ombe kwa picha. Na ukigombana na jirani kuhusu mpaka, mahakama haitasikiliza kesi hiyo kabla msajili hajaamua mpaka kwanza. Watu wanatumia laki kwa wakili, wanafika mbele ya jaji, wanarudishwa walikotoka.

Nimefika kwenye kosa linalonisumbua zaidi: nambari zilizobadilishana. Chukua mfano. Familia A inaishi kwenye kipande ambacho kila mtu anajua ni chao tangu babu. Kwenye ramani kipande hicho ni 412. Hati yao inasema 421. Familia B inaishi kwenye 421 na hati yao inasema 412. Wakati wa ugawaji mtu alinakili orodha, akageuza tarakimu, basi. Kwa miaka thelathini hakuna anayejua kwa sababu hakuna anayesoma ramani; watu wanasoma miti na mifereji.

Je, hili ni kosa la kalamu? Kwa asili yake ndiyo. Kwa athari, hapana. Msajili hawezi kulirekebisha peke yake kama anavyorekebisha herufi, kwa sababu haki za watu wawili zinaguswa. Familia zote mbili zikikubali, zinakwenda pamoja na ridhaa ya maandishi na mambo yanaisha. Nzuri sana. Sasa fanya kijana wa familia B amechukua mkopo kwa hati ya 412. Benki nayo ina haki kwenye sajili, ridhaa yake inahitajika, na benki haitakubali kirahisi kubadilishiwa dhamana. Haya, ongeza moja: familia B haikukopa, iliuza. Mnunuzi alilipa, akaja kuingia kwenye 412, akakuta familia A imezika wazazi pale.

Mnunuzi ana hati safi. Familia A ina makaburi, nyumba na miaka hamsini. Kifungu cha 80 kinasema mahakama haitarekebisha sajili kumwumiza mwenye hati ambaye anamiliki ardhi kwa kuikalia na aliinunua kwa thamani, isipokuwa alijua kuhusu kosa au ulaghai, au alichangia. Angalia maneno mawili: anaikalia, na alijua. Mnunuzi ambaye hakuwahi kuikalia hana kinga hiyo. Na aliyetembelea shamba akaona makaburi, akanyamaza, atapata taabu kumwambia jaji kwamba hakujua. Lakini aliyeingia haraka, akaweka ua, akajenga? Huyo amejiweka pazuri kisheria. Ndiyo maana nawaambia kosa la nambari si la kungojea. Kila mwaka unaopita linakaribisha mtu mwingine ndani yake.

Kwa nini makosa ni mengi hivi? Hapa lazima turudi nyuma, na najua mtasema mwanafunzi wa siasa hawezi kumaliza hotuba bila ukoloni. Sawa. Mpango wa Swynnerton wa 1954 ulitaka kukusanya vipande vya mashamba, kuvipima na kuvisajili kwa jina la mtu mmoja mmoja. Kazi hiyo ilikimbizwa Mkoa wa Kati wakati wa Hali ya Hatari, huku wanaume wengi wakiwa kizuizini. Aliyekuwa nyumbani alionyesha mpaka. Aliyekuwa kambini alionyeshwa karatasi alipotoka. Halafu sheria ikafunga mlango: Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya 1963, iliyojulikana kama Sura ya 300, iliruhusu mahakama kurekebisha usajili uliopatikana kwa ulaghai au kosa, isipokuwa usajili wa kwanza.

Rudieni sentensi hiyo. Isipokuwa usajili wa kwanza. Yaani ule wenye makosa mengi kuliko yote ndio uliofanywa mtakatifu. Waliotunga walikuwa na hoja yao: ukifungua mlango huo, kila mtu atarudi na madai na ugawaji wote utaporomoka. Mahakama zikawa zinatafuta dirisha, na dirisha lilikuwa amana: kwamba ndugu aliyeandikwa anaishikilia ardhi kwa niaba ya wengine. Familia nyingi ziliokolewa na hilo. Nyingine hazikuwa na pesa za wakili. Sheria ya 2012 iliuondoa ule ubaguzi, kifungu cha 80 hakitaji tena usajili wa kwanza. Mimi nalihesabu miongoni mwa mabadiliko makubwa ya ardhi baada ya Katiba ya 2010, na sijawahi kulisikia likitajwa kwenye mdahalo hata mmoja wa runinga.

Sasa tuje kwenye mabishano ya leo. Utasikia hoja moja: msajili apewe nguvu zaidi, afute hati za wizi na arekebishe makosa hapohapo, wananchi wamechoka na mahakama. Hoja hii inapigiwa makofi kila mahali. Nami ningependa shangazi asaidiwe siku moja. Lakini kalamu inayomsaidia shangazi ndiyo hiyohiyo inayoweza kuhamisha shamba la shangazi. Kwa mtu mwenye nia mbaya, hakuna ulaghai mtamu kama ule unaovaa nguo za marekebisho: hakuna mauzo, hakuna bodi ya ardhi, hakuna sahihi ya muuzaji, kuna mstari mmoja tu kwenye kadi unaosema jina limesahihishwa.

Tulishaona upande huo. Mwaka 2010 wasajili walifuta hati kadhaa kwa tangazo kwenye Gazeti Rasmi, wakisema ardhi ilikuwa ya umma. Pengine kwa baadhi walikuwa sahihi. Walioguswa wakaenda Mahakama Kuu, na katika kesi kadhaa majaji wakasema msajili hana mamlaka ya kufuta hati ya mtu kwa tangazo bila kumsikiza. Baada ya marekebisho ya 2016, kifungu cha 79 kinasema badiliko linalogusa hati ya mtu halifanywi bila ridhaa yake, isipokuwa yeye mwenyewe alisababisha kosa kwa ulaghai au uzembe, au ingekuwa dhuluma kutolirekebisha, na hata hapo apewe ilani ya maandishi ya siku 90. Mwanasiasa akisema anataka "kurahisisha marekebisho," muulize kama anagusa hizo siku 90. Ukiona anazunguka, umejua.

Hoja ya pili: kompyuta itamaliza. Mfumo wa Ardhisasa ulizinduliwa Aprili 2021, ukianzia Nairobi, na mimi si adui yake. Kuweza kuona rekodi kwa simu bila kumjua mtu ndani ya afisi ni jambo kubwa. Lakini kuhamisha kadi kwenda kwenye kompyuta hakurekebishi kadi. Kama 412 ilikuwa 421 kwenye karatasi, itakuwa 421 kwenye skrini, na sasa itaonekana ya kuaminika zaidi. Tena kuna karani mpya anayechapa, na anaweza kukosea mahali yule wa zamani hakukosea. Zaidi ya hayo, sheria ya 2012 ilileta kazi ya kubadilisha hati za sheria za zamani ziingie kwenye mfumo mmoja, na nambari za vipande zinabadilika. Orodha hutangazwa kwenye Gazeti Rasmi. Nani kati yenu anasoma Gazeti Rasmi? Nimeona mikono miwili, na mmoja ni karani wa wakili.

Ningekuwa natunga sera, ningeuliza kitu rahisi sana: kabla rekodi haijaingizwa kwenye mfumo, mwenyewe aonyeshwe na aweke sahihi. Si baada. Sheria ya Ugawaji wa Ardhi ya 1968 ilikuwa na wazo hilo, sajili ikikamilika inawekwa wazi siku 60 watu waje wapinge. Ubaya ni kwamba aliyekuwa anafanya kazi Mombasa hakujua kuna kitu cha kupinga Kisii. Leo sote tuna simu.

Halafu kuna haki ambayo haitajwi kabisa. Ibara ya 35 ya Katiba tunaijua kwa kupata habari. Someni kipengele cha pili: kila mtu ana haki ya kurekebishiwa au kufutiwa habari za uongo au za kupotosha zinazomhusu. Hiyo si hisani ya karani. Na Ibara ya 47 inataka uamuzi wa haraka na wa haki, na sababu kwa maandishi ukinyimwa. Kwa hivyo "rudi Alhamisi" si jibu la kisheria. Peleka ombi kwa maandishi, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, na ukikaa bila jibu una mahali pa kuanzia, iwe ni Tume ya Haki ya Utawala au Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Ile nakala yenye muhuri, wadau, ndiyo tofauti kati ya malalamiko na kesi.

Kuhusu fidia: kifungu cha 81 kinasema aliyepata hasara kwa sababu ya marekebisho ya sajili, au kwa kosa lililo kwenye nakala iliyoidhinishwa, anastahili kufidiwa, mradi si yeye aliyelisababisha kwa ulaghai au uzembe. Ndiyo, imo. Sasa waulizeni wanaoomba kura: bajeti ya hiyo fidia iko wapi? Sheria inayotoa haki bila fungu la pesa ni hotuba tu, na hotuba tunazo za kutosha, hii ikiwemo.

Maswali yaliyokuja mara nyingi baada ya kikao, nitajibu mawili.

Mmoja aliuliza: broka anasema ana mtu ndani, analipwa na jina linabadilishwa jioni hiyohiyo bila kiapo. Usifanye. Mahakama ya Juu mwaka 2023 ilisema wazi kwamba hati peke yake haitoshi ikiwa njia iliyotumika kuipata haikufuata utaratibu. Rekebisho lisilo na ombi wala kiapo kwenye faili ni shimo ambalo wakili wa upande wa pili atalipata siku moja, na siku hiyo jina lako sahihi litaonekana kama la mwizi.

Mwingine: mzee amefariki, cheti cha mirathi kimethibitishwa na korti, lakini nambari ya shamba kwenye cheti imekosewa na afisi ya ardhi imekataa kuhamisha. Hapo msajili hana kosa kukataa, kwa sababu kosa liko kwenye karatasi ya korti, si kwenye sajili yake. Rudini katika korti iliyotoa cheti, mwombe marekebisho chini ya kifungu cha 74 cha Sheria ya Urithi, kinachoruhusu kusahihishwa kwa makosa ya majina na maelezo. Bebeni upekuzi rasmi wa hivi karibuni unaoonyesha nambari sahihi, na warithi wote watie sahihi ya kukubali ikiwezekana. Kama kuna ndugu anayekataa kutia sahihi ilhali nambari tu ndiyo inarekebishwa, basi tatizo lenu si la karani, na hilo ni mada ya kikao kijacho.